Mafuta ya Mama na Mashini ya Baridi

Jumatatu, 6 octobre 2025

Ephraïm alipiga simu asubui mapema. Miaka tatu sasa bwana yangu iko Ubelgiji anatafuta diplome yake ya kemia, na rezo ya simu huku kwetu Rwambuzi inatuhurumia saa ya asubui tu. Alinieleza tena ile mashini ya RMN, yenye kusikiliza atome ndani ya dawa. Masikio yake wanayapoza na gazi ya helium mpaka moins deux cent cinquante, digri mia mbili na makumi tano chini ya zero! Dawa yenyewe haipate baridi — masikio tu. Ikiwa na joto, mashini inasikia kelele yake yenyewe. Ikipoa, inanyamaza, inasikia hata kitu kidogo kabisa. Kazi ya siku kumi na sita inaisha siku moja.

Mimi nafundisha kemia huku Nyakasanza na mashini ile sijaiona hata siku moja. Lakini naipenda. Juu dawa yenye kuwa ndani ya maganda ya muti wa homa, yenye anatumiwa na Mama — mama mukwe wangu Micheline, tunaishi naye — iko kidogo sana, mashini za kawaida hazioni kitu. Ephraïm akijua ni dawa gani, anamaliza masomo. Anarudi mbele ya Noeli. Tina, mutoto wetu, anamujua baba yake ku simu tu. Anabusu ekran.

Alhamisi, 9 octobre

Ephraïm alipiga tena: majibu imetoka. Mafuta!

Pale dawa ilipaswa kuonekana, mafuta ya mawese imekaa juu yake. Ephraïm amesafisha mara mbili, haitoke yote. Mashini ingine isingeiona. Hii inaona.

Nilijua palepale. Mama anajipakaa mawese ku mikono mbele ya kuchubua maganda, juu maji ya muti ule inachoma. Mama yake alifanya vile, na mama ya mama yake. Hata kinu chake cha kuponda maganda kimenyonya mafuta toka alipokuwa Butembo.

Ephraïm alicheka, kisha sauti yake ikapotea. Nilizani ni rezo. Kumbe analia. Alisema miaka tatu hajashika mukono ya Mama, na leo, kwa mafuta ile, ameiona ku ekran.

Wamemupa mashini ya baridi tena mara moja tu, tarehe 27. Anataka maganda mapya, bila mafuta. Bila gants za mikono vilevile — poda yake nayo itaonekana. Akasema nimuambie Mama polepole.

Mimi? Nimuambie mama mukwe kama mafuta yake imeharibu kazi ya mutoto wake? Hapana. Nitachubua mwenyewe.

Ijumaa, 10 octobre

Nilimudanganya Mama. Nilisema Ephraïm anaomba matawi mazima, yenye haijachubuliwa, basi, Mama apumzishe mugongo. Nikayabeba ku labo ya masomo kwenye nafundisha. Niliosha kinu cheupe cha porcelaine na sabuni, kisha alcool, mara tatu. Nikachubua na kuponda na mikono mitupu. Inawaka kama niliponda pilipili na ngozi yangu mwenyewe.

Jumapili, 12 octobre

Kanisani sikuweza kupiga makofi. Mama aliniangalia wimbo muzima.

Jumatano, 15 octobre

Unga wa maganda umekauka. Leo niko na ruhusa ku masomo. Mutu wa ajansi ya mizigo alisema colis zenye kupitia Kampala anazifunga saa nne kamili ya asubui, kisha mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo ni kuchelewa. Nilikuwa natia unga ndani ya chupa hapa nyumbani, Mama akaingia. Akashika mikono yangu, akaigeuza. Vidole imetoka malengelenge.

— Mama Tina, hii ni muti.

Nilitaka kuivuta, hakuiachilia.

— Ni mafuta yangu iliharibu?

— Ndiyo, Mama.

— Na weye ukanificha.

— Nilikuogopa. Hapana, si kukuogopa. Sikutaka uumie.

Hakukasirika. Alitoka, akarudi na chupa ya mawese, akakaa karibu yangu, akajimiminia ku kiganja. Nilisema, Mama, ngoja kidogo, sijafunga. Akasema muke ya mutoto wake hawezi kuungua juu ya mashini. Akaanza, kidole kimoja kimoja, polepole, vile anamupakaa Tina kisha kuoga. Maumivu ikashuka. Machozi ikanitoka mimi mutu muzima.

Nikamuambia yote. Kama Ephraïm aliona mukono yake ku ekran na akalia.

Akasimamisha kupakaa.

— Aliniona?

— Alikuona, Mama.

Alimimina mafuta ingine.

Naandika na mukono wa kushoto, mbaya, daftari limeisha kupata doa ya mafuta. Wa kuume Mama angali nao, hauache. Tina iko masomo. Ni saa tatu na dakika makumi ine. Chupa ya unga iko wazi mbele yetu, kifuniko kando, na hapa ndani hakuna tena mukono safi wa kuifunga. Na wangu siutoe ndani ya mikono ya Mama, hata saa nne ikipita.