Mstari Niliouchora Katoro

Masanja, rafiki yangu,

Tangu tukuzike, karasha la kusagia mawe ya dhahabu halijanyamaza hata siku moja. Kikaango chako nimekirithi mimi. Nachomea zebaki humo ili dhahabu ibaki, pale pale ulipokuwa ukichuchumaa, na moshi wake bado hauna harufu.

Wiki iliyopita walikuja watu wa utafiti wa bahari. Cheka. Nimezaliwa Lindi, sikuwahi kuwaona kule, nimekuja kukutana nao Katoro kwenye vumbi. Wameungana na wenzao wanaopima samaki wa ziwa, na nesi wa zahanati. Mwenye karasha akawauliza kama wamepotea njia. Mama aliyewaongoza akasema hawajapotea, wamefuata walichokikuta ndani ya samaki. Wakatundika kitambaa chenye picha: moshi wa kikaango, upepo, mvua, ziwa, bahari. Kisha wakaomba tuwaonyeshe tunavyochoma, maana walitaka kujifunza kwetu kwanza. Nikawaonyesha. Wao walisimama upande upepo unakotoka.

Nesi akatupa karatasi, kila mtu achore mstari bila kuegemeza mkono. Akasema zebaki ikikaa mwilini mikono hutetemeka, ufizi huuma, mtu hukasirika bila sababu.

Masanja, alikuwa anakusema wewe. Uji ulivyokuwa ukimwagika kikombeni. Ulivyoniambia, "Mikono hii si yangu tena." Na mimi nikasema umelogwa. Nilimtaja Mama Kulwa muuza uji, kwa mdomo wangu huu, kwa sababu ulianza kutetemeka ukiwa umeshika kikombe chake. Watu wakabomoa kibanda chake, akahama. Ulikufa ukiamini hivyo.

Wageni walituachia sufuria yenye mfuniko na bomba, ya kuzuia moshi. Mwenye karasha anasema inachelewesha kazi. Ameifungia stoo.

Nasikia Mama Kulwa yuko Nyasubi, kule Kahama. Jumapili nakwenda. Nitamwambia mbele ya majirani zake kwamba ni mimi niliyemtaja, na kwamba hakukufanya chochote. Nikitoka hapo nitapita kwenu, mama yako naye asikie. Hilo nakuahidi.

Pumzika, ndugu yangu. Ukiona mwandiko huu umepinda, usidhani nilikuwa na haraka. Nimeandika polepole sana. Hata mstari wa nesi niliuchora polepole, na haukunyooka.