Mguu wa Kushoto na Mataruma ya Reli

Jumatatu, 4 Julai 1955
Kukagua reli tena, nyundo begani. Kugonga kabari, kuondoa mawe. Gengi zima lilitazama mguu wangu badala ya reli. Tangu plasta itoke, shavu la mguu wa kushoto limekonda, utadhani nimeazima mguu wa mtoto. Najiuliza nyama huwa inakwenda wapi.

Alhamisi, 7 Julai
Daktari alisema nitembee kwanza, nikimbie baadaye, na nikiamka na maumivu nipunguze. Leo nimekimbia kidogo baada ya kazi. Juu ya reli, taruma hadi taruma, vile vipande vinavyobeba reli. Barabarani siwezi. Katika Hali ya Hatari hii, Mwafrika akionekana anakimbia huulizwa amefanya nini. Relini, nikiwa na yunifomu, askari wanadhani nimetumwa.

Hakuna maumivu.

Jumapili, 10 Julai
Baada ya kanisa alikuja Odhiambo, kapteni wa timu yetu ya mpira hapa reli. Jumamosi tunarudiana na vijana wa kiwanda cha mbao Elburgon, hao hao walionivunja mguu. Anataka nicheze wingi, pale pembeni. Nikamwambia nimepona, naruka mataruma kama zamani.

Mke wangu Nafula alikuwa akichagua maharagwe. Mgeni alipoondoka, akasema:

"Baba Wafula, mimi nikiwa ndani nakusikia ukikuja. Mguu moja inatembea, ingine inavutwa."

Kumbe ndiyo maana kila siku yeye hunifungulia mlango kabla sijabisha. Nilikasirika. Yeye anajua nini kuhusu mpira?

Jumanne, 12 Julai
Maneno ya Nafula yamekataa kunitoka. Mvua ilinyesha mchana. Jioni nikaenda uwanja wa reli peke yangu, nikavua viatu, nikakimbia kwenye tope, kisha nikarudi kutazama nyayo zangu. Hatua ya kushoto fupi, vidole vimeburuzwa. Ya kulia ndefu. Nikarudia. Vilevile.

Nilichuchumaa pale nikiwaza hadi miguu ikafa ganzi. Mataruma yana nafasi moja tangu Nakuru hadi Elburgon. Yalikuwa yananipimia hatua, nami nikadhani ni mguu unaopona. Wa kudanganywa hivi ni mtu wa reli tu.

Naogopa. Nikigeuka ghafla Jumamosi, mfupa utakwenda tena. Mkaguzi asiyeweza kutembea hana kazi, wala chumba katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli.

Ijumaa, 15 Julai
Nimemwambia Odhiambo sichezi.

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

Hakutarajia jibu hilo. Aliondoka bila kuniaga. Imeniuma kuliko siku ya kuvunjika.

Jumamosi, 16 Julai
Tumefungwa. Nilisimama nyuma ya goli. Kila mpira ulipokwenda wingi, mguu wa kushoto ulishtuka wenyewe. Nani aliuambia?

Jumapili, 31 Julai
Sasa nafanya mazoezi kwenye nyasi tu. Natembea, nakimbia kidogo, natembea. Jana nilizidisha kwa tamaa, leo nimeamka na maumivu. Nimepumzika. Odhiambo alinisalimia kanisani, kwa mkono mmoja tu, akipita.

Ijumaa, 26 Agosti
Mvua tena. Nimezunguka uwanja polepole, kisha nikatazama tope. Kushoto, kulia. Zimelingana. Nikarudia, sikuamini. Zimelingana.

Nikarudi landhi kabla ya kafyu. Nikapanda kwenye baraza ya saruji, nikafika mlangoni. Bado umefungwa. Nikabisha.

 Nafula akauliza toka ndani, kwa woga kidogo, "Ni nani?"

Nikautazama mguu wa kushoto kwanza, ndipo nikamjibu.