Nyota za Haji

Jumatatu, 5 Mei

Tableti zote zimejaa chaji. Nimezifuta vioo. Mate, chaki, mafuta ya vitumbua. Sijui wanasoma au wanalamba. Mvua tangu alfajiri, darasa zima linanuka viatu vibichi.

Bi Rukia, mwalimu wa darasa la pili, anaziita vishikwambi. Watoto wanasema tableti. Mimi wananiita Fundi. Juzi juzi tu nlikuwa natengeneza simu sokoni Darajani, leo nna kona yangu darasani: mkeka, meza fupi, tableti. Bi Rukia anashughulika na kundi moja ubaoni, wengine wanakuja kwangu kwa zamu, wajisomee wenyewe. Ndani mna hadithi, mna picha ya sikio. Ukilibonyeza sikio, sauti ya bibi mmoja wa Bara inakusomea. Halafu mtoto naye anasoma kwa sauti, akifika mwisho anapata nyota. Kazi yangu kuangalia asikwame, asipigane, asifungue michezo.

Mie niliyeishia kidato cha pili! Barazani kwetu wananiita Profesa. Wanadhani wananitania. Mie naitika naam.

Leo Haji kazoa nyota zote za hadithi ya mbuzi aliyekula kofia ya mjomba. Haji kaja mwaka huu kutoka Makunduchi, anakaa kwa shangazi yake Mkunazini. Akisema Kikae, lahaja ya kwao, wenzake wanamcheka. Lakini mpe tableti. Wallahi mtangazaji wa redio. Sauti kaivuta kama yule bibi wa Bara. Mpaka "sasa bonyeza mshale" anaisoma. Nimecheka mbavu zikaniuma.

Kona yangu inatoa wasomaji. Niandike hapa, maana nikisema watasema najisifu. Najisifu.

Alhamisi, 8 Mei

Bi Rukia kanivuta pembeni. Kumbe Haji alifeli mtihani wa kuingilia, anatakiwa kurudishwa darasa la kwanza. Mwalimu Mkuu ashaamua: atamsikiliza akisoma, yeye mwenyewe, kabla ya likizo ya Juni, akishindwa anakwenda kukaa na vitoto. Na Haji ndiye mrefu kuliko wote darasa la pili. Kule atakuwa mnazi katikati ya mchicha. Watamcheka hadi aikimbie skuli.

Nikamwambia Bi Rukia aondoe shaka. Huyu nshamtengeneza.

"Umemtengeneza? Kwani simu huyo?"

Mwanamke ana mdomo. Lakini alicheka.

Jioni nikapita kwa Bi Mize, shangazi yake Haji. Nikampa habari zote, na chumvi kidogo. Akamwita mtoto asome. Tableti sikuwa nayo. Haji akasimama wima, mikono nyuma, akaisoma hadithi nzima ya mbuzi hivi hivi, hewani. Hakukosea hata neno. Bi Mize akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ashahifadhi! Na chuoni, kwenye Kurani, ndivyo alivyo. Maalim anasema kitu akikisikia mara mbili hakimtoki."

Nikaletewa kahawa na halua. Nikala kama bwana harusi. Mtoto anasoma hata bila tableti! Nani mwengine kafanya hivyo mji huu?

Jumanne, 13 Mei

Siku mbaya.

Umeme hakuna tangu jana, tableti zilikuwa zinakata roho moja moja. Ya Haji ikamzimikia mkononi, katikati ya hadithi. Kioo cheusi ti. Haji hakusimama. Kidole kinakwenda mstari kwa mstari juu ya kioo cheusi, mdomo unasoma. Mjomba anatafuta kofia. Mbuzi anatafuna. Wenzake wanamsikiliza, wanatikisa vichwa.

Kijitoto kimoja kikasema, "Fundi, imezimika hiyo."

Haji akasema, "Sasa bonyeza mshale." Akabonyeza.

Wote walicheka. Isipokuwa mie.

Nikachukua tableti iliyobaki na uhai, nikafungua hadithi ya kobe, ambayo hajawahi kuigusa. Soma, Haji. Akapeleka kidole kwenye sikio. Nikaliziba kwa dole gumba langu. Akanitazama. Akaitazama picha ya kobe, muda mrefu. Akasimama wima, mikono nyuma.

"Mbuzi wa mjomba alikula kofia."

Jumatano, 14 Mei

Mjinga ni mie.

Nimekaa chuoni utoto wangu wote. Maalim anasoma, sisi tunaitikia, anasoma, tunaitikia, mpaka inaingia. Ikishaingia, kitabu unafunika. Kusoma huku umefunika ndiyo sifa. Haji kafanya alichofunzwa tangu ana meno ya utoto. Hakumdanganya mtu. Nani alimwambia kuwa kwenye kona ya Fundi mambo ni mengine? Mie nlikuwa nampigia makofi.

Nimemjaribu polepole leo. Herufi anazijua. Moja moja. Lakini hazishikani, kila moja inakaa peke yake kama wagomvi.

Bi Rukia sijamwambia. Nnaogopa. Kaniamini. Na nimeshakula halua ya watu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwambia.

Bi Rukia alilifungua daftari la Haji. Halafu akasema, "Na mie daftari lake nimeliandika 'vizuri sana' kila wiki. Basi tugawane aibu, Fundi. Funga hizo sauti."

Nikafunga sauti tableti zote. Watoto wakalia kama nimewachinjia paka. Haji hakulia. Alibonyeza sikio, akabonyeza tena, akaiweka tableti mezani taratibu kama yai. Akarudi kwenye dawati lake, akalaza kichwa.

Jumatatu, 19 Mei

Haji hakuja.

Jumanne, 20 Mei

Hakuja. Mvua isingemzuia, kutoka kwao anakuja mbio hata maji yakiwa magotini. Nimewagombeza wenzake bila sababu.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda kwa Bi Mize. Bi Rukia kanipa ruhusa nichukue tableti moja. Njiani nimezunguka vichochoro ambavyo si njia yangu, ili nichelewe. Mwanamme mzima.

Shikamoo yangu ilijibiwa kwa mbali. Nikasema yote, kwamba mtoto alihifadhi tu, kwamba kusoma bado, kwamba nlijisifu kabla ya wakati.

"Kwa hiyo ulinivika kilemba cha ukoka," akasema Bi Mize. "Na mie nishawapigia simu Makunduchi nzima."

Nikaigeuza geuza tableti mkononi.

Haji alikuwa nyuma ya pazia la chumba. Nliona vidole vya miguu. Nikamwita, hakutoka. Nikambembeleza, hakutoka. Sasa mie kubembeleza sijui, najua kuchokoza. Ile programu ina pahala pa kuandika hadithi yako mwenyewe. Nikaandika mstari mmoja, kwa herufi kubwa kubwa. Nikaisukuma tableti chini ya pazia.

"Pameandikwa habari zako humo. Habari mbaya. Sikusomei."

Nikakaa na Bi Mize. Nyuma ya pazia ikatoka sauti ndogo.

"Ha... ji."

Kidole kikagonga kioo.

"A... na... ku..."

Bi Mize akataka kusema, nikajiwekea kidole mdomoni. Kahawa yake ikapoa. Mtoto anasukuma herufi kama anasukuma gari bovu. Ana-ku-la. Anakula. Halafu kimya kirefu mpaka nikadhani kalala.

"Cha... ki."

Ndara ikaruka juu ya pazia, ikanipata begani.

"Mie sili chaki! Muongo weye!"

Na haikuwa sauti ya yule bibi wa Bara. Ilikuwa yake, ya Makunduchi, ya hasira. Bi Mize alijiziba uso kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikaokota ndara nikamrudishia. Sijawahi kupigwa nikafurahi.

Ijumaa, 23 Mei

Haji yupo. Kaja na kununa.

Kila asubuhi naandika uongo mpya. Leo nimeivuruga hadithi ya mbuzi: mbuzi kala kofia, kala mjomba, sasa anamtafuta Fundi. Anayesoma kwa kichwa chake ananaswa, mdomo unasema kofia na kidole kiko kwenye mjomba, wenzake wanapiga kelele. Anayesoma kwa macho ananinasa mie. Haji alinaswa mara nyingi. Halafu akaninasa mara moja. Akarudi kwenye dawati lake anatembea kama mwenye nyumba.

Watoto wote sasa wanataka waandikwe. Mmoja kalia kwa sababu sijamtukana bado.

Jumanne, 27 Mei

Anasoma. Lakini anasoma kama mtu anayechagua mchele, punje moja, jiwe, punje moja. Kesho kutwa anakwenda kwa Mwalimu Mkuu. Haitoshi. Nijidanganye kwa nani hapa? Haitoshi.

Shetani kaniambia: mwekee hadithi ya mbuzi mbele ya Mwalimu Mkuu, aisome kama redio, tumalize. Ningeweza. Karatasi za kusomea mie ndie ninayezichapa ofisini. Nikazichapa kama zilivyo. Nikaondoka haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Alhamisi, 29 Mei

Nilikuwa nje ya dirisha la ofisi, najidai natazama waya wa taa.

Karatasi ilikuwa ya mtoto na bibi yake wanapanda mchaichai. Haji hakuweka mikono nyuma. Aliweka kidole kwenye karatasi. Akaanza. Polepole, kwa lafudhi yake ya kwao. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kwenye mchaichai akakwama. Mcha. Mcha. Mcha.

Mwalimu Mkuu si mtu mbaya. Alimwonea huruma, akafungua mdomo amsaidie.

"Mwache, Mwalimu," akasema Bi Rukia, aliyekaa pembeni.

Jasho lilinitoka mie, dirishani. Mcha. I. Mchai. Mcha-i-cha-i. Haji akainua uso, akatazama karatasi tena, akasema kwa mshangao kabisa, "Mchaichai! Shangazi anatia kwenye chai!"

Ukurasa hakuumaliza. Darasani wenzake wote wangeumaliza. Mwalimu Mkuu akavua miwani. Akasema huyu mtoto alimsikia yeye mwenyewe siku zile, kwenye kona, alikuwa anateremka kama maji, imekuwaje sasa anachechemea?

"Siku zile alikuwa hasomi," Bi Rukia akajibu. "Leo anasoma."

Mwalimu Mkuu akasema atafikiri. Mie nikauvuta ule waya bila kukusudia, taa ya ofisi ikazimika.

Jumatatu, 2 Juni

Anabaki. Darasa la pili, na baada ya likizo anaendelea na kona kila siku. Bi Rukia kaniambia ubaoni, mgongo kanigeuzia, chaki mkononi, kama anasema habari ya hali ya hewa. Nikatoka nje nikasimama chini ya bomba, nikaosha uso ambao haukuwa mchafu.

Nimempelekea habari Bi Mize. Safari hii hakuniletea halua. Alimpa Haji gazeti kuukuu lililofungiwa dagaa, akamwambia asome popote. Alisikiliza mpaka mwisho wa mstari. Halafu ndio akanitazama.

"Sasa kaa," akasema.

Jumatano, 4 Juni

Mvua imekatika. Siku ya mwisho kabla ya likizo, watoto wachache.

Zamu ya Haji ilipofika nilikuwa nimeshamwandikia uongo wake. Hakuufungua. Alitafuta mwenyewe, akachagua hadithi ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, akakaa ukutani, magoti juu. Sauti nilikuwa nimezirudisha, lakini sikio hakulibonyeza. Midomo inacheza tu.

Pahala fulani kidole kikasimama. Nikajiweka tayari kuinuka. Kidole kikarudi mwanzo wa mstari, kikaja tena, taratibu, kikapita.

Nikabaki nimekaa. Nikakunja waya wa chaja, nikaukunjua. Nlikuwa nimezoea kuitwa Fundi, Fundi, mpaka masikio yanauma.

Leo hakuniita.