Saa Iliyokwisha Waranti

Kaloleni, Kisumu
Jumanne

Binti yangu Gakenia,

Huku mvua imeanza na mbegu za sukuma zinaota haraka. Mama yako hajambo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Ile saa uliyonitumia ya kupima mapigo ya moyo imekuwa ikinisomea mapigo thelathini na nane kwa dakika tangu Krismasi. Ulipoziona namba hizo kwenye simu yako, ambako saa huzituma, ukaniuliza, nilikujibu kwamba imeharibika. Niliamini hivyo. Jana niliirudisha dukani nikaambiwa waranti iliisha wiki iliyopita, ndiyo maana leo nimeileta kwa fundi Uzair.

Uzair aliivaa kwanza yeye: sabini na mbili. Akamvalisha mkewe, Naeema: themanini na nane.

"Mama, wewe ni moto," akamtania.

"Si ni wewe unanichemsha kila siku."

Nikaivaa mimi. Thelathini na nane. Tukarudia mara tatu, ikawa vile vile. Uzair akaacha kucheka.

"Mzee, hii saa ni nzima. Sasa nifungue nini?"

Sielewi. Siumwi popote. Nachoka tu nikipanda ngazi, nikadhani ni umri. Muda huu wote nimelaumu betri, chaja, hata mkanda.

Naandika juu ya kaunta ya Uzair. Amefunga duka na pikipiki inanguruma mlangoni. Anasema hospitali kwanza, barua baadaye. Saa bado nimeivaa. Namba zangu za leo, ziamini.

Baba yako,
Muchiri