Zamu ya Njia ya Tatu

Point, Durban
9 Juni 2024

Kwa mwanangu Elysée,

Bwana asifiwe. Mimi na dada yako Lulu tuko wazima, ila mgongo unanisumbua kwa kusimama saluni kutwa. Wewe je, unakula? Baridi ya huko haijakuingia kifuani?

Nina neno. Jana Lulu alitoka mbio kwenye duka lake la simu akaja saluni kunionyesha ukurasa wa ile nyumba ya wageni unakofanya kazi. Nilitazama nikitarajia kukuona na masufuria. Nikakuona umevaa kofia ngumu, umekaa juu ya baiskeli, na nyuma yako mlima umesimama kama ukuta. Nilimrudishia simu palepale. Mteja niliyekuwa namsuka aliniuliza kama nimefiwa.

Uliniambia ni kazi ya hoteli. Ulipokuwa unatengeneza baiskeli za kukodisha pale South Beach nilivumilia, kwa sababu ufukweni ni tambarare, mtu akianguka anaangukia palepale alipo. Lakini milima, Elysée? Unajua papa yako alivyotutoka. Alipakia ndizi asubuhi, akaanza kuteremka mlima wa Kabasha kule nyumbani, breki zikakataa. Walituletea baiskeli kwanza, yeye wakamleta kesho yake. Ulikuwa na miaka sita. Uliizungusha ile pedali uani, watu wakilia ndani.

Picha za baiskeli usinitumie. Nitumie ukweli.

Mama yako


Les Praz-Hautes
16 Juni 2024

Mama mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Mimi mzima, nakula vizuri, jibini hasa, mpaka nimelichoka. Pole na mgongo. Mwambie Lulu akukande, aache kunipeleleza.

Sikukudanganya kabisa. Asubuhi naosha vyombo kweli. Baada ya hapo tunatoka na wageni. Kijiji kiko juu sana, nyumba chache za mawe na mbao, ng'ombe wana kengele shingoni, na theluji bado naiona nikifungua dirisha. Wageni wana magari yao mazuri, mama, lakini wanayaacha chini na kupanda kwa baiskeli huku wanahema kama wanaojifungua. Wanasema ni likizo. Mwenye nyumba, Bwana Rémy, ndiye yule mtalii niliyemfungia mnyororo wa baiskeli South Beach akaniahidi kazi.

Njia ziko tatu. Ya kwanza inazunguka ziwa, hiyo hata wewe ungeiweza. Ya pili inapita kwenye misonobari, kutoka kitongoji hadi kitongoji, mpaka daraja la kale. Ya tatu inapanda kupita mahali miti inapokoma, inavuka mgongo wa mlima, kisha inateremka kwa kona zinazofuatana, na upande wa bonde hakuna ukuta. Mpaka sasa nimekwenda mbili za kwanza tu, nikiwa wa mwisho, nikiwaokota waliopata pancha.

Jumamosi tarehe 20 Julai Bwana Rémy anataka niongoze njia ya tatu. Nikifaulu, nabaki. Nikishindwa, majira ya joto yakiisha narudi. Nataka kubaki, mama. Tena naogopa. Nakwambia wewe tu. Ratiba yote nimekutumia hapo chini.

Mwanao, Elysée


Point, Durban
30 Juni 2024

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Tuko wazima, mgongo umepoa kidogo. Kifua chako?

Barua yako ilinikasirisha mpaka nikashindwa kukujibu. Nilipochoka kukasirika niliipeleka ratiba kwa akina mama wa maombi kanisani. Tumegawana zamu. Mama Gloriose amechukua ziwa, kwa sababu ya magoti yake. Mama Huguette amechukua misonobari. Ilipofika njia ya tatu hakuna aliyeinua mkono, kwa hiyo nimeichukua mwenyewe. Kila mmoja anafunga siku yake, na saa mnayoanza kuteremka anapiga magoti. Fatima wa duka la vitambaa hapa chini alisikia, akasema naye ataweka dua. Ratiba nimeibandika kwenye kioo cha saluni. Wateja wanadhani ni bei mpya.

Papa Israël, yule anayeendesha lori la Pinetown, aliitazama ramani kwenye simu ya Lulu akatikisa kichwa. "Mama Elysée, hii route iko kama matumbo ya mbuzi. Eish. Hata mimi na lori yangu siwezi." Alidhani ananifariji. Sikulala.

Nijibu haya. Nani anakagua breki? Kwa nini hakuna ukuta, na huko ni Ulaya? Mtaanza kuteremka saa ngapi? Ukishanitajia saa, usiibadilishe, mimi nitakuwa nimeshapiga magoti. Na mwanangu, kona ikikushinda, shuka, usukume. Kusukuma si aibu. Papa yako alikuwa na haraka ya soko.

Mama yako


Les Praz-Hautes
7 Julai 2024

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Mzima, kifua hakina neno. Breki nazikagua mwenyewe kila jioni, halafu nikifika mlangoni narudi kuzikagua tena. Kuhusu ukuta, nimemuuliza Bwana Rémy, akacheka.

Jumamosi saa sita mchana tutakuwa kileleni. Saa za huku na za Durban ni sawa wakati huu wa mwaka. Wasalimie mama wote, na Fatima.

Mwanao, Elysée


20 Julai 2024, jioni
Nimefungua saumu kwa chai na mkate. Niambie mmefika.

20 Julai 2024, usiku
Elysée, simu yako haiiti.

21 Julai 2024
Lulu amepiga kule hotelini, hakuna anayepokea. Kanisani wananiuliza, nasema mtandao. Nijibu hata neno moja.

22 Julai 2024
Sikufungua saluni leo. Nikiona mtu wa kanisa anapanda ngazi nahesabu wako wangapi. Wakija wengi pamoja nitajua. Mwanangu, niandikie wewe mwenyewe, nisije kuambiwa na watu.


Les Praz-Hautes
23 Julai 2024

Mama mpenzi,

Mimi mzima. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, unisamehe. Nakuandikia kwa kompyuta ya Bwana Rémy, amerudi leo na mkewe kutoka kwa wakwe. Hotelini nilikuwa peke yangu, na simu yao iko ofisini, walifunga. Simu yangu imevunjika, namba zenu zote zilikuwa humo, na ujumbe wako nimeukuta humu wote kwa mpigo. Nimelia.

Jumatano jioni redio ilitangaza mvua ya Jumamosi. Bwana Rémy akasema basi tunakwenda kesho, Alhamisi. Nilishika simu nikuambie, nikakumbuka ile zamu, kioo cha saluni, Fatima. Nikaona haya kupangua kanisa zima. Kwa hiyo Alhamisi nilipanda bila mtu kuniombea. Kona mbaya kuliko zote ilinishinda, nikashuka, nikasukuma kama ulivyosema. Mgeni mmoja alinicheka, halafu mwingine naye akashuka. Chini Bwana Rémy alikuwa anatazama saa yake. Wote tulifika wazima.

Ijumaa sikutulia. Niliwaza kesho mama atafunga kutwa na kupiga magoti saa sita, na mimi nitakuwa jikoni naosha sahani. Saumu yako ingepotea bure. Jumamosi wageni walikuwa wameondoka na mvua ilikuwa imekatika alfajiri, nikachukua baiskeli, nikapanda peke yangu. Saa sita juu ya alama nilikuwa kileleni. Nikateremka. Ile kona mbaya niliipita nikiwa nimekaa kitini, mama. Kona ya mwisho lami ilikuwa na maji, nikaanguka. Kiwiko kimechubuka, simu imekufa.

Hiki ndicho kinachonitesa. Siku isiyo na maombi nilifika salama, na siku uliyofunga nikaanguka. Mama wa kanisa usiwaambie.

Bwana Rémy ameona bandeji, nikamweleza yote. Amesema bado anafikiri.

Mwanao, Elysée


Point, Durban
24 Julai 2024

Mwanangu Elysée,

Nakusalimu. Kiwiko kioshe kwa maji ya chumvi, usikifunike muda wote.

Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimeisoma tena. Nimekasirika sana na sijui nianzie wapi. Nani alikuambia saumu inaharibika kama samaki, mpaka upande mlima kwenda kuila ingali mbichi? Ungeniandikia neno moja Jumatano, ningefunga Alhamisi. Ungeniandikia usiku wa manane, ningefunga. Usinifiche tena kwa kunionea haya, mimi ni mama yako.

Mama wa kanisa nimewaambia. Walishangilia mpaka Fatima akapanda kuuliza kuna nini. Mama Gloriose peke yake aliuliza kama wewe, mbona ameanguka siku ya zamu.

Nikamjibu, na wewe nakujibu hivyohivyo. Wao waliomba usianguke. Mimi sikuomba hivyo, mimi nimezaliwa milimani. Siku waliponiletea baiskeli ya papa yako niliishika usukani nikasema tu, laiti angeinuka. Kwako niliomba hilohilo, uinuke. Umeinuka, umerudi hotelini kwa miguu yako, umeniandikia wewe mwenyewe.

Bwana Rémy mwache afikiri. Akikurudisha, ufukwe bado ni tambarare. Akikubakisha, nitumie ratiba ya Agosti mapema, Mama Gloriose anataka kubadilishana zamu.

Na unitumie picha. Si ya kusukuma. Nataka ile uliyo juu ya baiskeli, kwenye kioo pana nafasi.

Mama yako