Mashine Haikuwa Tumboni Mwangu

Mwanza, huku mwaloni

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na magoti yako, maana Pili ananiambia siku hizi ndiyo yanayokuamsha kabla ya adhana. Ile dawa ya kuchua niliyompa utingo wa basi ilifika, au naye ana magoti? Na mpunga wa shamba la Umwe, mmevuna nyinyi au wamewahi nguruwe?

Mimi ni mzima. Neno hilo siliandiki kwa mazoea ya barua. Nimepasuliwa, nimeshonwa, na juzi nimekula ugali ukakaa.

Najua anayekusomea ni Kaka Shaweji, kwa kuwa nyumba nzima mwenye kusoma bila kukwama ni yeye. Nimeandika nikilijua hilo. Simu yangu Kaka huikata, karatasi haikatwi kwa kidole. Na dada Pili nimemwagiza ailete kwa mkono wake kutoka Kibiti, akae ubavuni mwa Kaka, afuatishe mstari kwa mstari. Pili husoma polepole, lakini mstari ulioachwa anaujua.

Kaka, shikamoo. Soma.

Tuanze na ile mashine ya boti, kwa kuwa ndiyo mliyoanza nayo nyinyi. Mnaijua habari yake, lakini hamjawahi kuisikia kutoka kwangu bila kunikatiza. Mashine ilikuwa ya nguvu za farasi arobaini, ya kwangu na Kaka nusu kwa nusu, na mimi ndiye fundi wake. Jioni niliifungua kwenye boti, nikaifungia kibandani pale Nyamisati. Asubuhi kufuli lipo chini, mashine haipo. Ufunguo tulikuwa nao wawili, mimi na Kaka. Hilo halikumsumbua mtu.

Kaka akaenda kwa mwalimu wa madrasa, ikasomwa Halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mwizi. Mimi mwenyewe niliitikia dua, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu mashine ilikuwa yangu na nilitaka mwizi apatikane. Mkafukiza ubani, mkala wali, mkasema sasa tusubiri tumbo la nani litavimba.

Likavimba la kwangu.

Sikatai kisomo, Mama. Mungu anamjua aliyesomewa. Nakataa macho yenu, yaliyoona tumbo yakaacha kumwona mtu. Kwenye zahanati waliniambia bandama, wakanipa vidonge. Kwenye nyingine wakasema minyoo. Ndani mlikuwa na donge, na kila nikilala ubavu nalo lilisogea upande ule, na nyinyi mkaliona likisogea. Kaka ukawaambia watu, "Mashine inajigeuza, inatafuta pa kutokea." Watoto wa nyuma ya msikiti wakaipata hiyo. Nikipita wanavuta kamba hewani kama mtu anayewasha boti, "Brrrr! Mjomba, washa boti, tuwahi Mafia!" Watu wazima walicheka kwa kanga mdomoni. Mkwe wangu akaja kumchukua mke wangu Mwajuma, akasimama mlangoni, hakukaa hata mkekani. "Binti yangu halishwi haramu," akasema. Mwajuma alifunga nguo zake bila kuniuliza hata neno moja. Nilimpa talaka kwa sababu aliagiza nimpe.

Haya yote ningeyasahau, Mama. Moja ndilo silisahau, nalo ni lako.

Ulikuja ukanishika kichwa, ukaniambia, "Sema tu, baba. Ulimi hauna mfupa. Ukisema litashuka, nisije nikakuzika." Nikakwambia, "Mama, sikuchukua." Ukasema, "Najua. Wewe sema tu."

Ulijua! Nikakaa barazani mbele ya mwalimu na wazee na hao watoto, nikasema, "Ni mimi." Ndipo Kaka ukauliza, "Iko wapi?" Nami sikuwa na pa kuitaja, maana uongo wenyewe nilikuwa nimepewa nusu. Mkasema nimekiri kwa mdomo, roho imekataa. Nilikuwa najipima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Siku ya kukiri, inchi arobaini na moja. Mwezi uliofuata, arobaini na tatu. Hiyo ndiyo faida ya kukiri kwangu, inchi mbili.

Nikaondoka na begi la spana. Hakuna aliyenisindikiza isipokuwa Pili, na Pili alilia mpaka konda akadhani ndiye anayesafiri.

Huku Mwanza, mwaloni boti zinapoteremsha samaki, natengeneza mashine za boti za wavuvi wa ziwani. Nilianza nikiwa nimechuchumaa chini ya mti wa mtu, leo nina banda langu na vijana watatu chini yangu. Nawe ucheke kidogo, Mama. Tumbo lile lile lililonifanya mwizi kwenu, huku lilinifanya tajiri. Waliniita Bosi Kitambi. Wauza samaki walinipandishia bei. Mtu akiliona tu anasema, "Huyu anakula vizuri." Nami nilikuwa silali chali, nikila kidogo nashiba mpaka kooni, natapika kijani.

Kisha siku moja nikainua mashine ya mteja, kitu kikajinyonga ndani ya tumbo. Nilianguka pale pale kwenye dagaa walioanikwa. Wale vijana wangu walinibeba mpaka hospitali.

Daktari wa upasuaji ni mama mmoja mfupi, hana maneno mengi. Wenziwe walisema ni maji yamejaa tumboni, yachotwe. Yeye akanilaza kushoto, akanilaza kulia, akigonga kwa vidole na kusikiliza. Akasema maji ya kawaida yangetiririka yakahamia upande wa chini, haya yamekaa kwenye mfuko wake. Akalisukuma donge kulia na kushoto, likaenda. Akalisukuma juu na chini, likagoma. Nikamwambia, "Kama boti iliyofungwa kamba mbele na nyuma." Akanitazama. "Ndiyo," akasema, "na hiyo kamba ndiyo nataka kuiona."

Nikapimwa kwa picha, kisha nikaingizwa kwenye ile mashine kubwa ya duara. Kumbe, Mama, mimi ndiye niliyekuwa ndani ya mashine! Wakaona. Utumbo wa mtu hauelei ovyo, umeshikiliwa na utando unaoupelekea damu. Ndani ya utando ule ndimo mfuko ulimoota, ukajaa maji kidogo kidogo, ukausukuma utumbo pembeni mpaka ukataka kujisokota. Nikamwomba anichote tu kwa sindano, naogopa kisu. Akasema, "Nikichota nikauacha mfuko, utajaa tena. Hutoki hapa na mbegu yake."

Walinipasua kuanzia juu ya kitovu hadi chini yake. Mfuko ulitoka mzima, pamoja na kipande cha utumbo kama shubiri mbili, kwa kuwa mishipa ya damu ilikuwa ya ubia na haikutenganishika. Wakaunga utumbo, wakashona. Siku tatu sikuruhusiwa hata maji, midomo ikapasuka. Maumivu yake siwaelezi, maana hamkuniuliza ya kwanza.

Nilipoweza kukaa, daktari akanieleza. Ndani ya mfuko mlikuwa na maji meupe kama tui la kwanza. Mfuko na maji yake, kilo nne na robo. Kipande kikapelekwa kupimwa, si saratani. Nikamuuliza umeanza lini. Akasema, "Mara nyingi mtu huzaliwa na kambegu kake. Hukaa kimya miaka, kisha hujaa."

Nikacheka peke yangu. Akataka kujua kwa nini. Nikamweleza yote, kisomo, baraza, watoto na kamba yao. Yeye hakucheka. Aliuliza tu, "Hiyo mashine iliyoibiwa ina kilo ngapi?"

"Sabini na ushei."

"Basi hesabu yao mbovu," akasema, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama, umesikia? Nilizaliwa nacho. Ulinibeba tumboni nami nimekibeba tumboni. Kilikuwamo kabla Kaka hajanifundisha kuogelea, kabla kiwanda hakijaifunga hiyo mashine skrubu ya kwanza.

Sasa Kaka, hapa nakujia wewe.

Pili alinipigia wiki jana. Anasema tumbo linakupanda. Anasema shati la Ijumaa halifungi, umeanza kukwepa njia ya nyuma ya msikiti, na wale watoto, ambao sasa wana ndevu, wamekumbuka kuvuta kamba. Anasema watu wananong'ona kwamba Halbadiri ilipata nyumba, ikakosea chumba.

Nilicheka, Kaka. Sikufichi. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma, nikashika ukuta, nikaendelea kucheka.

Kisha nikaenda kwa daktari. Akasema tumbo la mtu halipimwi kwa simu. Laweza kuwa ini, laweza kuwa maji, laweza kuwa kama langu, laweza kuwa baya kuliko langu. Akasema aje, na asikawie. Sijui kama uliiuza mashine yetu. Mimi nilikuwa na ufunguo na sikuichukua, nawe yawezekana vivyo hivyo. Tumbo lako halijui lolote kuhusu mashine. Hilo nimelilipia kwa shubiri mbili za utumbo, nawe nakupa bure.

Kitanda nimekuombea. Basi la kutoka Kibiti nimeshalipanga, Pili ndiye mwenye tiketi. Lakini ameapa hatakupa mpaka ukae pale pale barazani, siku ya Ijumaa, mbele ya mwalimu na wazee na hao wenye ndevu, useme maneno mawili: "Hamisi hakuiba." Usiongeze udhuru wala hadithi ya shetani.

Utasema nakuuzia tiketi. Ndiyo. Mimi mliniambia niseme uongo nipone, nikausema, sikupona. Wewe unaambiwa useme kweli. Haitakupunguza hata inchi moja, itakupandisha basi tu.

Mama, nisalimie mwalimu, mwambie simdai. Nisalimie mama mdogo aliyekuwa ananiachia uji nyuma ya nyumba usiku, asionekane, namjua. Mwajuma nasikia ameolewa Nyamwage. Msalimieni, na mumewe mwambieni ale kwa kiasi, asije akanenepa. Watoto wa nyuma ya msikiti waambieni boti imezimwa.

Na wewe, Mama, jambo la mwisho. Barua hii ina mahali ambapo lazima sauti ya Kaka ikatike. Kama amefika hapa haijakatika, ujue kuna mstari ameuruka. Pili, mrudishe.

Ni mimi mwanao, niliyekuwa na inchi arobaini na tatu, leo nina thelathini na moja,

Hamisi