Printa Iliyovuka Mpaka

Dada yangu Salome,

Habari za Korogwe? Goti la Mama limekubali kupanda ngazi za kanisani? Mimi ni mzima, ila usicheke mwandiko. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu printa iliharibika, na kwenye simu ukishasema "sasa si urudi nyumbani" mimi maneno yote hunikimbia.

Ndiyo, ile ya marehemu shemeji yako. Ilianza na mstari mweupe, mwembamba, unaopita katikati ya karatasi. Kwenye barua ya kuomba kazi mtu angevumilia. Lakini unajua kazi yangu hapa Busia, upande wa Uganda, ni programu za mazishi: picha ya marehemu juu, ratiba ya ibada chini, wasifu ndani. Mstari ulipita usoni, machoni kabisa. Nani atampa mfiwa karatasi ya namna hiyo? Nikasafisha, nikabadilisha wino, nikamwomba Mungu. Mstari ukazidi kunenepa.

Ukanishauri niiuze skrapu, nifunge mlango, nije; chumba umeshakipaka chokaa. Dada, nilifikiria hasa. Tangu tumzike Owori wangu kule kwao Mwello, hapa mjini nimebaki na mashine hiyo na meza yake. Watu hunipigia hodi wakiwa na msiba tu. Wananiita Mama Programu, wanalia kidogo kwenye kiti changu, wanachukua karatasi zao, wanakwenda. Hakuna anayerudi kuniuliza nimekula nini. Napika wali wa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja haumalizi. Nikajiambia printa ikifa, hata hao wa msiba hawatakuja. Basi kitanikalisha nini ugenini?

Mtu wa vyuma chakavu alipita na baiskeli yake, akaigonga kwa kidole. "Hii ni plastiki mingi, mama. Chuma iko kidogo." Nikamfukuza. Programu ya Owori mwenyewe ilitoka humo, na siku ile haikutia hata doa. Habari ya kununua mpya nayo sikutaka kuisikia.

Alhamisi moja asubuhi nikaifunga kwa kanga mbili isiingie vumbi, nikapanda bodaboda nayo pamoja na begi la kompyuta, nikaelekea upande wa Kenya kwa fundi Barasa. Afisa mpakani akauliza, "Hiyo ni biashara?" Nikamjibu, "Ni mgonjwa." Akacheka, akanipitisha.

Barasa aliifungua akaguna. "Mama, kichwa ya kuchapa imeziba, wino ilikauka ndani. Wacha niioshe, lakini lazima uniachie." Nikarudi na kanga zangu mkononi, kama niliyemlaza mtu wodini.

Sasa sikia. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeshusha mapazia yote kuyafua. Kwa hiyo majirani waliona nini? Madirisha matupu, na mjane mgeni juu ya boda na mzigo uliofungwa, anaelekea mpakani, haagi mtu. Alasiri nilipofika nyumbani nikakuta baraza limejaa. Nafula, jirani yangu anayeuza samaki wa Majanji, amesimama na furushi la samaki wakavu kama anayetaka kunipiga nalo.

"Wewe nakwenda kwenu bila kuaga? Sisi lifanya wewe nini?"

"Nani kasema naenda?"

"Pazia ndiyo nasema!"

Kulikuwa na mama mmoja wa Buteba, niliyewahi kumchapia programu ya baba yake. Alikuja sokoni kuuza, Nafula akamwambia, naye akaja na karanga na kuku jike amefungwa miguu. "Mgeni hawezi toka hapa mikono mitupu," akasema. "Watu ya kwenu watasema sisi ni watu gani?"

Nikawaeleza habari ya printa. Wakaangua kicheko mpaka Nafula akakaa chini. Nikataka kuwarudishia vitu vyao. "Kitu ya safari hairudi," Nafula akasema. "Kaa nayo mpaka siku utakwenda." Wakanywa chai. Wakaniuliza nimekula nini. Nililia, dada, na hapakuwa na msiba.

Usidhani upweke umeisha. Walipoondoka, nyumba ilirudi kimya chake, na bado nageuka nikisikia mtu anakohoa kama Owori. Barasa amepiga simu: mashine imekubali, ila si mia kwa mia. Mstari umesogea pembeni, nje ya uso. Nimemwambia hiyo inatosha, kesho naifuata.

Mkandie Mama goti kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, na mjomba fundi cherehani mwambie bado navaa gauni lake la kijani. Watoto wako wabusu hata kama wamekua na hawataki.

Samaki na karanga tulikula papo hapo. Kuku ni wa safari, siwezi kumchinja kabla ya safari. Amejichagulia mahali chini ya meza ya printa, akataga mayai kadhaa, na tangu jana anaatamia. Sijamwondoa. Kile chumba, dada, walaze watoto.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Hilda